Gari Lililosamehewa Ukaguzi

Tangu tarehe 20 Mei 2018, gari dogo lililotimiza miaka 40 nchini Uingereza, mradi halikubadilishwa sana katika miaka 30 iliyopita, halilazimiki tena kupita kwenye ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT. Mwenye gari hutangaza mwenyewe, kwa fomu ya V112, kwamba gari lake linastahili msamaha huo. Akishatangaza, hakuna tena anayeingia chini ya gari na tochi, hakuna anayegonga chuma kusikiliza kutu, hakuna anayepima breki.

Ukaguzi wenyewe ulianza mwaka 1960, nao ulihusu magari yaliyozidi miaka 10 tu. Yalitazamwa mambo matatu: breki, taa na usukani. Mwaka 1967 umri ukashushwa hadi miaka 3. Maana yake ni kwamba hapo mwanzo ukaguzi uliwekwa kwa ajili ya magari makuukuu, kwa kuwa ndiyo yaliyotia hofu. Leo yaliyo makuukuu kuliko yote ndiyo yaliyoachwa nje. Serikali ilipokusanya maoni kabla ya kubadili sheria, wengi wa waliojibu walipinga msamaha huu. Ukapitishwa hata hivyo.

Mimi ni mmoja wa wanaoona kwamba jambo hili ni kosa. Lakini wanaolitetea si wazembe, na baadhi yao wanayajua magari yao kuliko mkaguzi yeyote atakayeyagusa, basi si haki kuwajibu bila kuwasikiliza. Nimebuni watu watatu wa familia moja waishio Leicester, mji wenye watu wengi waliotoka Afrika Mashariki. Mjomba ni mzaliwa wa Mombasa, fundi wa mabasi aliyestaafu. Mpwa wake, binti wa dada yake, ni mkaguzi wa MOT mwenye kibali. Wa tatu ni mke wa mjomba, ambaye hukaa kiti cha abiria. Gari lao ni Morris Minor Traveller ya mwaka 1963, lile lenye mbao kwa nyuma, na tangu 2018 halijakaguliwa.

MJOMBA: Mwanangu, nimeshika spana tangu kabla mama yako hajaolewa. Gari hili nalipiga grisi mwenyewe, nalisikiliza mwenyewe. Sasa unataka nilipe paundi hamsini na kitu ili kijana asiyepata kuona kabureta aniambie kama breki zangu zinashika? Mara ya mwisho nilipolipeleka, gereji moja ililiinua kwa kuweka jeki mahali pasipofaa. Chuma cha chini ya mlango kikapinda, rangi ikapasuka. Nililipia ukaguzi, kisha nikalipia na uharibifu wao.

MPWA: Hilo la jeki silibishi, Mjomba, yametokea na yanaendelea kutokea. Dawa yake ni kuchagua gereji, na kuweka alama ya utepe mahali gari linapostahili kuinuliwa. Una haki ya kusimama kwenye sehemu ya watazamaji ukaona kila kinachofanyika. Ada haizidi paundi 54.85. Hiyo si hoja ya kuliacha gari miaka yote hii bila jicho la pili.

MJOMBA: Jicho la pili la nini, ikiwa sheria imenisamehe?

MPWA: Sheria imekusamehe hati. Wajibu haukuondolewa. Gari likikutwa barabarani katika hali ya hatari, faini inafika paundi 2,500 na pointi 3 kwenye leseni, hata kama lilitengenezwa kabla sijazaliwa. Polisi hataki kujua umri wake. Na kampuni ya bima, siku ya ajali, itauliza gari lilikuwa katika hali gani. Mtu mwenye cheti cha mwezi uliopita na orodha ya kasoro alizorekebisha ana la kujibu. Wewe utajibu kwamba ulilisikiliza.

Hapa mpwa amegusa kiini cha jambo, nami naomba nikae hapo kidogo. Sababu iliyotolewa kwa msamaha ni kwamba magari haya hutunzwa vizuri na huendeshwa kidogo. Sehemu ya kwanza ni kweli kwa wamiliki wengi. Ya pili ni kweli pia, ila haithibitishi kilichokusudiwa. Gari huharibika kwa kusimama. Silinda ndogo za breki kwenye magurudumu hushika kutu ndani na pistoni hukwama. Mipira ya breki huvimba kwa ndani huku kwa nje ikionekana mizima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, hata gari likiwa gereji limefunikwa turubai. Gari linalotembea maili mia kadhaa kwa mwaka halimpi dereva nafasi ya kugundua haya mapema. Kuendeshwa kidogo kungepaswa kuwa sababu ya kulikagua.

MJOMBA: Sawa, lakini nikuulize wewe mkaguzi. Hayo mafuta ya breki unayoyasema, MOT inapima kama yana maji?

MPWA: Hapana. Tunatazama kwa macho kiwango chake na kama yamechafuka, basi.

MJOMBA: Tairi likiwa na miaka 15 lakini meno yake marefu, halina ufa, utalifelisha?

MPWA: Kwa gari dogo, hapana. Sheria inataka kina cha milimita 1.6, na tairi lisiwe limepasuka wala kuvimba.

MJOMBA: Na mpira wa petroli? Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida humu ni E10, ina etanoli hadi asilimia 10. Etanoli inakula mipira ya zamani. Mpira ukichanika juu ya ekzosi yenye moto, gari linateketea na wewe umo ndani. Mkaguzi anaujua ulinunuliwa lini?

MPWA: Ukivuja nitauona. Usipovuja siku hiyo, sitajua.

MJOMBA: Basi! Vitu vitatu vinavyoweza kuniua, na cheti chako hakivijui. Mtu anayepewa hati ile analala usingizi, anasema gari langu limepita. Mimi nisiye na hati nimebadilisha mafuta ya breki majira ya baridi, nikanunua matairi mapya kwa sababu ya tarehe, na mipira yote ya petroli nimeweka inayostahimili etanoli. Nani kati yetu yuko salama zaidi?

Hii ndiyo hoja bora ya upande wake, na nimeona wakaguzi wakishindwa kuijibu. Suala la matairi lina historia ya uchungu. Mwaka 2012, huko Surrey, basi la abiria lilipata ajali baada ya tairi la mbele kupasuka. Watu 3 walifariki. Tairi hilo lilikuwa na umri wa miaka 19, na meno yake yalikuwa bado yanaruhusiwa. Ilichukua hadi Februari 2021 kwa sheria kupiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya mabasi na malori. Magari madogo hayakuguswa. Na ni magari ya kale hasa ambayo matairi yake huzeeka kabla hayajalika. Ubavuni pa tairi kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukikuta 2309, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Mwenye gari la kale asiyejua kuzisoma tarakimu hizo anaendesha kwa kubahatisha, awe na cheti au asiwe nacho.

MPWA: Mjomba, ukweli wako nimeukubali. MOT peke yake haitoshi. Lakini umetaja yale unayoyafanya. Hebu sasa nitaje mimi usiyoweza kuyafanya. Breki zako zote nne ni za dramu, na mfumo ni wa mkondo mmoja. Ukivuja popote, breki ya mguu inapotea magurudumu yote, unabaki na handbreki ya nyuma. Masta silinda imo chini ya sakafu, ndani ya chasisi, chini ya miguu yako, mahali pa matope na maji. Una mashine ya kupimia breki nyumbani?

MJOMBA: Sina.

MPWA: Basi hujui kama gurudumu la kushoto mbele linashika sawa na la kulia. Tofauti ikizidi asilimia 30 kwenye ekseli moja, gari linafeli. Na kwa mbele, ikizidi 50, linahesabiwa la hatari. Tofauti ya 35 hutaihisi barabara ikiwa kavu, unakwenda taratibu sokoni. Utaihisi siku mtoto atakapokatiza barabara kwenye mvua. Handbreki nayo: kwa kuwa mfumo wako ni wa mkondo mmoja, inatakiwa ifikie asilimia 25 ya uzito wa gari, wakati magari ya mikondo miwili yanaachiwa 16. Unaifunga mlimani, gari linasimama, unaridhika. Mlima wa mtaani kwenu una mwinuko gani?

MJOMBA: Mdogo.

MPWA: Na pedali. Pedali ikishuka kidogo kila mwezi, mguu unaizoea. Mimi nikiingia siku moja kwa mwaka, mguu wangu haujazoea chochote.

Mjomba hakujibu mara moja, akaenda kufungua mlango wa nyuma wa gari. Na kwa kweli hapo ndipo mazungumzo yalipobadilika, kwa sababu ya mbao. Watu wengi huzidhani zile mbao za Traveller kuwa mapambo. Si hivyo. Sehemu yote ya nyuma ya gari imejengwa juu ya fremu ya mti wa ash. Vioo, milango na paa la nyuma vimeshikwa na mbao hizo. Alec Issigonis, aliyelibuni Morris Minor lililozinduliwa mwaka 1948, alijenga bodi ya chuma isiyotegemea chasisi kamili; toleo la Traveller lililokuja mwaka 1953 likapata nyuma ya mbao juu ya msingi huohuo. Mbao zikioza, gari linafeli ukaguzi kama vile lingefeli kwa kutu.

MJOMBA: Njoo utazame, mwanangu. Hizi ni mataruma ya chombo. Nimekulia karibu na waunda majahazi, najua mbao. Hapa nimepiga vanishi mwaka jana. Unaona doa lolote?

MPWA: Hapo juu hapana. Lete kidole chako hapa chini, kwenye kiungo, mbao inapokutana na bodi. Bonyeza.

MJOMBA: ...

MPWA: Imelegea. Maji yanaingia kwenye mfereji wa kioo, yanashuka ndani, yanakaa kiungoni. Vanishi inang'aa juu, chini kunaoza. Hujakosea kazi yako, Mjomba. Umetazama unapopapenda.

Sentensi hiyo ya mwisho ingetosha kuwa hoja yangu yote. Mwenye gari la kale hulipenda, na pendo lina njia zake za kutembea: huosha, hung'arisha, husikiliza injini, hufungua boneti kuwaonyesha wageni. Chini ya gari hakupendezi. Pale Nairobi, kwenye mashindano ya Concours d'Elegance yanayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, waamuzi hutazama na upande wa chini pia, na washindani wanalijua hilo, hivyo husugua chasisi kwa siku nyingi. Mtu hujitayarisha kwa lile analojua litatazamwa. Ukiondoa mtazamaji, sehemu kubwa ya matayarisho huondoka naye. Faida kubwa ya ukaguzi iko katika wiki za kabla yake, mwenye gari anapolazimika kulala chini na tochi na kukubali anachokiona. Ile saa moja ya mkaguzi huja mwishoni.

Basi walilala chini wote wawili, na mjadala ukawa wa kazi.

MPWA: Anza na kutu, maana ndiyo inayochukua muda. Ukikuta tundu wiki moja kabla ya siku, hakuna mchomeleaji mzuri atakayekupokea. Hapa springi za nyuma zinaposhikiliwa. Hapa ncha za boriti ya katikati. Hapa chini ya milango. Kanuni ni kwamba kutu ikila chuma ndani ya sentimita 30 za mahali panaposhikilia springi, usukani, breki au mkanda, ni kufeli. Usiweke bandiko la bati juu ya kutu kwa kugusisha nukta nukta. Mshono uzunguke pande zote, na uingie kwenye chuma kizima.

MJOMBA: Hilo usinifundishe. Nifundishe la tranioni, vile viungo vya hesi vya magurudumu ya mbele. Nazipiga grisi kila mara.

MPWA: Unazipiga gari likiwa limekaa chini au limeinuliwa?

MJOMBA: Limekaa.

MPWA: Piga likiwa limeinuliwa, gurudumu likining'inia, grisi ipate njia ya kuingia kwenye hesi iliyokuwa imebebeshwa uzito. Kisha shika gurudumu juu na chini ulitikise, na usukume kwa mtaimbo. Hesi ya tranioni ikilika, siku moja unakata kona na gurudumu la mbele linalala chini ya gari. Kila mwenye Morris Minor ameiona picha ya namna hiyo.

Taa na waya walivipitia haraka. Gari la dainamo hufifiza taa injini inapounguruma taratibu, na indiketa hupunguza mwendo. Zinatakiwa kuwaka kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, kwa hiyo ni vyema kumwomba mkaguzi apandishe mzunguko wa injini kidogo kabla hajahesabu. Nyaya za kurudisha umeme kwenye bodi zisuguliwe hadi chuma king'ae, maana nusu ya matatizo ya taa za gari la kale ni kutu kwenye skrubu moja. Waipa, maji ya kioo, honi: mambo ya nusu saa. Moshi ndio unaowatisha wengi bure. Gari lililoanza kutumika kabla ya Agosti 1975 halipimwi gesi kwa mashine, hutazamwa tu kama linatoa moshi mzito.

Ni mke wa mjomba aliyeuliza swali ambalo wanaume wa klabu za magari ya kale huliacha mwisho.

MKAZA MJOMBA: Nyinyi mnazungumza breki na mbao. Mimi ndiye ninayekaa upande ule, na kiti changu hakina mkanda. Jumapili mnataka mjukuu apande nyuma. Sheria inasemaje?

MPWA: Gari lililoanza kutumika kabla ya 1965 halilazimiki kuwa na mikanda, Mama, kwa hiyo haliwezi kufelishwa kwa kukosa. Ila mtoto aliye chini ya miaka 3 haruhusiwi kabisa kupanda gari lisilo na mikanda. Aliyezidi miaka 3 anaruhusiwa nyuma tu.

MKAZA MJOMBA: Mjukuu ana miaka miwili.

MJOMBA: Tulipokuwa Mombasa tulipanda saba kwenye gari kama hili, hakuna aliyejua mkanda.

MKAZA MJOMBA: Na waliokufa hawapo hapa kusimulia, bwana.

Mjomba alikuwa na hofu moja ambayo hakuisema mpaka mwisho, nayo ni hofu ya wengi. Ukilipeleka gari kwa hiari likafeli, kufeli kunaandikwa kwenye kumbukumbu ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma kwenye mtandao kwa kuandika namba ya gari. Likikutwa na kasoro ya hatari, huliendeshi kurudi nyumbani. Gari ambalo hadi asubuhi lilikuwa zuri machoni pa mtaa mzima linageuka jioni kuwa gari lililofeli. Naielewa aibu hiyo. Lakini gari lenye kumbukumbu ya kufeli kwa sababu ya mbao, kisha kupita baada ya mbao kubadilishwa, lina historia ya kweli, na mnunuzi mwenye akili atalilipia zaidi kuliko lile lenye ukimya tangu 2018.

Bunge lilikuwa na njia nyingine. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 liliziruhusu nchi kuyapangia magari ya kihistoria utaratibu wake, halikuzilazimisha kuyaacha. Ujerumani huyapa magari yaliyozidi miaka 30 namba yenye herufi H, na bado huyakagua kila baada ya miaka 2. Ufaransa huyakagua magari ya kihistoria kila miaka 5, ikiyaacha tu ya kabla ya 1960. Uingereza ingeweza kuweka ukaguzi mfupi wa breki, usukani, matairi, taa na kutu, ufanywe na wakaguzi waliofundishwa magari ya zama hizo, wenye kujua pa kuweka jeki, na ungetazama pia umri wa tairi na wa mipira ya petroli. Hapo hoja ya mjomba na hoja ya mpwa zingekutana. Mpaka hilo litokee, mtu mwenye gari la miaka 40 anapaswa kujipangia siku yake mwenyewe na kuitimiza.

MJOMBA: Basi nitengeneze kwanza mbao na ile kutu, kisha nitaweka miadi.

MPWA: Weka miadi kwanza, Mjomba. Ukingoja mpaka umalize, utapiga vanishi hadi mwakani.

MJOMBA: Wiki sita.

MPWA: Wiki sita. Na nisikague mimi, nitakuonea haya. Yupo mwenzangu aliyekulia kwenye gereji ya magari haya, atakuruhusu umwonyeshe pa kuinulia.

MJOMBA: Nitasimama pale pale nitazame. Akigusa chuma cha mlango wangu, tutazungumza.

MKAZA MJOMBA: Na mtoto?

MJOMBA: Mtoto hapandi mpaka mikanda ifungwe mbele na nyuma, na mahali inaposhikilia pakaguliwe pamoja na gari.